Mtamba wa Mezani

Mchezo wangu niliutengeneza kwa hasira. Wapo wanaosema niliutengeneza kwa ajili ya mjukuu, eti bibi ana upendo. Mjukuu aliukuta. Hasira yangu ilikuwa kwa wageni.

Miaka hiyo nilikuwa dobi kwenye hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa Kreta, lile shimo kubwa la wanyama. Kazi yangu mashuka na taulo. Siku ya mvua wageni hawatoki, na siku moja kama hiyo nilipeleka mablanketi sebuleni nikakuta watu wazima wamezunguka meza. Mmoja ana ndevu, anaongea kwa sauti nzito kama amekabwa na mfupa, wenzake wanamjibu huku wamemkodolea macho. Mezani hakuna karata wala drafti. Kuna vidude vya rangi wanavirusha, wanachungulia, wanapiga kelele. Nikamuuliza dereva wao hawa wanagombania nini. Akasema hawagombani, wanacheza hadithi. Kila mmoja amejifanya mtu fulani ndani ya hadithi, mwenye ndevu ndiye msimuliaji, anawaletea majoka na wachawi, nao wanaamua wafanye nini. Vile vidude vikianguka vibaya, wameumia. Nikauliza majoka ya wapi. Akasema hayapo, ni ya kubuni.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na nyati. Sisi wafanyakazi giza likiingia hatukutoka jikoni kwenda kulala bila askari mwenye bunduki, na mpishi mmoja alikuwa akitembelea mkongojo kwa sababu siku moja hakumsubiri askari. Halafu watu wanapanda ndege, wanakuja mpaka hapo, wanampa mgongo nyati wa kweli ili waogope joka ambalo halipo. Nilirudi kwenye pasi yangu nimefura. Nikawa nasema moyoni, mngekuja kwangu ningewapa cha kuogopa. Ningewapa mvua iliyokatika mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Ningewapa tembo shambani siku moja kabla ya kuvuna. Ningewapa wifi.

Magoti yalipokataa ngazi nikaacha kazi, nikarudi nyumbani Karatu kwa mzee wangu, na mchezo nikarudi nao kichwani. Kukaa chini kuuwaza, nafasi hiyo sikuwa nayo. Nina shamba la mahindi na ngwara, zile kunde za kwetu, nina nguruwe, nina mzee ambaye miguu imemgomea lakini mdomo haujamgomea, nina jumuiya, nina kwaya ya akina mama ambayo mwalimu wake anafikiri sote ni wasichana. Mchezo niliutengeneza nimeinama na jembe. Mstari mmoja wa ngwara nafikiria mkulima atafanya nini mfugaji akiingiza ng'ombe kwenye mabua kabla hajaruhusiwa. Mstari unaofuata nafikiria mfugaji naye atamjibu nini. Nikifika mwisho wa shamba nimegombana na wote wawili na mgongo unauma. Maharage yaliungua, tena si mara moja. Mzee akawa anasema akisikia harufu ya maharage yaliyoungua anajua nimefika mahali patamu. Alisema hivyo huku anayala, kwa hiyo nikamwongezea.

Nilipasua kiroba cha mbolea nikakitandika mezani, nikakichora kwa mkaa: mlima wenye msitu, mashamba, korongo, barabara ya lami, na upande wa pili malisho mpaka huko nyuma ya Kreta. Badala ya vidude vya wageni nikachukua punje za mahindi nikazichoma upande mmoja. Unazirusha. Weupe ukizidi, umepona. Weusi ukizidi, mimi ndiye ninayesema kitakachokupata, na mimi sikuwa na huruma.

Wachezaji wa kwanza walikuwa mzee na jirani yangu mjane, Jumapili alasiri, baada ya vyombo. Sheria zilitokana na ugomvi. Yule jirani ana tabia ya kuamulia watu. Hajatulia kwenye kiti, ameshasema mtu wa mzee atavuka korongo, mke wa huyo mtu atabaki na mbuzi, na mbuzi wenyewe watafanya nini. Nikampiga marufuku. Mezani hakuna kumsemea mwenzako, mtu wako ni wako. Mzee naye, chui akila mbuzi wake, anasema ah, lakini mimi nilikuwa nimeshawafungia ndani. Kila mara alikuwa ameshawafungia. Nikaweka sheria ya pili: kilichosemwa mezani kimesemwa. Hakirudi mdomoni.

Habari zikatoka kwamba kwangu kila Jumapili kuna mchezo. Sasa kwetu mwanamke akisema ana mchezo, watu wanajua ni ule wa akina mama wa kuchanga na kupokezana. Wakaja wawili wamevaa vizuri, wakauliza zamu inaendaje. Nikawaambia hapa hakuna zamu ya kupokea, hapa kuna ukame na wifi. Waliondoka wamenuna. Waliposikia kwamba kuna kurusha punje, ikawa kamari. Mwenyekiti wa jumuiya akaniuliza baada ya sala, mbele ya watu, kama ni kweli nimeacha kutembelea wagonjwa ili nicheze kamari na mume wangu. Nikamjibu kwamba kucheza na mume wangu ni ruhusa niliyopewa kanisani. Tangu siku hiyo zamu yangu ya kuandaa chai ya jumuiya ilianza kurudi haraka kuliko za wengine.

Mjukuu ni mtoto wa binti yangu wa mwisho. Mama yake ni mpishi kwenye kambi ya mahema mbugani, baba yake ni dereva wa watalii, na hao wote wawili nyumbani ni wageni. Kwa hiyo alipofika umri wa shule aliletwa kwangu, na kwangu ndiko alikokulia. Alipojiunga na mchezo aliwakataa watu wote niliowatengeneza. Alitaka kuwa fundi pikipiki, mwanamke. Nikamwambia huyo hayupo. Akasema sasa yupo. Ndivyo alivyo.

Baba yake ni Mmasai wa Soitsambu, huko nyuma ya Kreta. Na mama wa huyo baba ndiye aliyekuja kwangu mwishoni mwa kiangazi, ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, anatakiwa afanyiwe upasuaji hapa Karatu jicho moja kwanza. Mkwe wangu akamleta, akamshusha, akaondoka na wageni wake. Binti yangu nilipompigia simu alisema nyie wazee mtaelewana, halafu mtandao ukakata. Ulikata au aliukata, sijui.

Siku ya kwanza tulishindwa hata kusalimiana. Yeye mwaka aliozaliwa haujui, na wangu uliandikwa kwa kukisia. Nani ampe mwenzake shikamoo? Mimi sikutoa, naye hakutoa. Tulitazamana mlangoni mpaka mzee akasema karibuni ndani, chai inapoa.

Chumba nilichompa kiko karibu na banda la nguruwe. Sina kingine. Asubuhi akaniambia ameshalala jirani na fisi na ameshalala jirani na simba, lakini hajawahi kulala jirani na kitu kama hiki. Maziwa yangu akasema ni maji yaliyoona ng'ombe kwa mbali. Nikamwambia maziwa mazuri yako kwao, na njia ni ileile aliyokuja nayo.

"Nitairudia," akasema. "Jicho likipona naondoka. Naondoka na mtoto wetu."

Nilikuwa nakatakata majani ya nguruwe. Nikaweka panga chini, maana si vizuri kuongea na mtu ukiwa nalo. Nikamwambia mtoto ana shule. Akasema kwao kuna shule. Nikamwambia nazijua habari za kwao, mnataka mumtoe shule mumwoze.

"Mjukuu wangu mwingine yuko fomu thrii," akasema. "Binti yako alipokuja kwa mwanangu alikuwa fomu ngapi?"

Alikuwa hajamaliza. Na huyu mama anajua kwamba hakumaliza. Nikachukua panga langu nikaendelea na majani.

Sababu yake aliisema siku nyingine, na hiyo ilinikera zaidi kwa sababu ilikuwa sababu. Alimwambia mtoto amletee maji kwa lugha ya baba yake, mtoto akamtazama asijue ameambiwa nini. Damu yangu, akasema, haijui kuniletea maji. Akaanza kumfundisha. Akamfundisha kwanza kumwita koko, maana ndiyo bibi kwa Kimasai. Nyumba nzima ikawa koko, koko. Mimi nikabaki bibi, wa kuulizwa soksi ziko wapi.

Baada ya upasuaji walimfunga jicho. Lile lingine nalo lilikuwa na ukungu. Jumapili hiyo akawa amekaa tu ukutani, na mtoto, bila kuniuliza, akamvutia kiti mezani. Nikasema huu mchezo una mambo mengi. Koko akasema hata yeye ana mambo mengi.

Alichukua mfugaji. Akauliza nyasi ziko wapi. Mtoto akamshika kidole akakiweka kwenye kiroba, yeye akakiondoa. Alitaka aambiwe. Ikabidi nimweleze: ukitoka korongo, jua likiwa begani, kuna tambarare, nyasi fupi, chumvi. Akauliza upepo unatoka wapi. Sikuwa nimeufikiria upepo. Nikautoa mashariki. Mpaka jioni hakuna aliyekuwa anatazama kiroba tena, hata mzee mwenye macho yake mazima, na mimi michoro yangu ya mkaa nilikuwa nimeihangaikia.

Halafu ng'ombe. Kwenye mchezo wangu ng'ombe walikuwa maharage, na kila duru mtu alihesabu alionao kwa sauti. Mtoto akaanza kumhesabia koko, moja, mbili. Koko akayafunika maharage kwa kiganja.

"Ng'ombe hawahesabiwi. Unawaitia kifo."

Nikasema ni maharage hayo, mama.

"Ulisema ni ng'ombe. Kilichosemwa kimesemwa. Si sheria yako?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Sasa ng'ombe wasipohesabiwa unajuaje kama wamepungua? Koko akaniuliza kama watoto wangu nikiwakosa mezani huwa nawahesabu au natazama nani hayupo. Akaanza kuwataja wake. Mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Mweusi mwenye tumbo jeupe, mkorofi. Yule wa rangi ya majivu ambaye mama yake alikufa. Aliwataja wote bila kutazama chochote, na duru iliyofuata akawataja tena vilevile. Mtoto naye akaacha kusema ana vipuri na kuanza kusema ana spoki zilizotoka kwenye pikipiki ya katekista.

Ukweli ni kwamba mchezo ulipendeza, na mimi sikupendezwa. Nilikuwa na mpango. Msimuliaji ni mimi. Ukame ni wangu, simba ni wangu, ugonjwa wa ndigana ni wangu. Nikamwandama. Punje zikiwa nyeusi kwa jirani, mbuzi wa jirani wanapata kikohozi. Zikiwa nyeusi kwa koko, ng'ombe anakufa. Punje sikuzichoma upande wa pili, ingawa nilifikiria. Nilitaka aishiwe. Nikasema moyoni, akiishiwa mezani atainuka, akiinuka kiburi chake kitainuka naye, naye atapanda gari kwenda Soitsambu mikono mitupu, na mtoto atabaki kwangu. Wiki nzima napalilia huku natafuta magonjwa ya ng'ombe. Nilimuuliza hata bwana mifugo, akadhani nataka kufuga.

Kumbe ng'ombe mwenye rangi na tabia si rahisi kumuua. Maharage unayaondoa kwa kidole. Lakini kumwambia mtu kwamba yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda amelala chini na hataki kuinuka, unatafuta maneno. Yeye ananisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, ananiuliza alilala upande gani, ninamjibu. Anasema haya. Hakuinuka mezani hata mara moja.

Jumapili ya mwisho jicho lilikuwa limefunguliwa na anaona mpaka nywele za mzee puani, na alizisema. Mezani alikuwa amebakiwa na mtamba mmoja, jike ambalo halijazaa, wa rangi ya majivu, mwenye mstari mweupe mgongoni. Akarusha punje zikaanguka nyeusi. Kabla sijafungua mdomo akasema mfugaji wake anapanda mlimani kwa yule mwanamke mkulima, anabisha hodi.

Yule mwanamke ni mtu wa msimuliaji. Nilimtengeneza ana shamba la mteremkoni, ana mdomo, hapendwi. Sikuhitaji kuambiwa amefanana na nani. Nikajibu kwa sauti yake, nani huyo, maji hakuna.

"Sikuja kuomba," koko akasema. "Nimeleta. Huyu mtamba ni wako."

Nikauliza ni wa kunikopesha au ni wa kunipa nimtunze tu.

"Wako."

Mzee, ambaye hakuna siku aliyowahi kuitaja sheria yangu ila kuivunja, akasema kutoka kwenye kiti chake kwamba kilichosemwa kimesemwa.

Koko akaweka viganja vyote viwili mezani. Akasema kwao mtu akikupa ng'ombe, yale majina mengine yanaisha. Mnaitana Pakiteng, wewe unamwita yeye na yeye anakuita wewe, mpaka mzikwe. "Sasa wewe ni Pakiteng wangu. Na Pakiteng hamnyimi Pakiteng. Naomba mtoto."

Hapo ndipo nilipougundua mpango wake. Zile Jumapili zote nilikuwa namsogeza kwenye ukingo, naye alikuwa anatembea mwenyewe kuelekea hapo. Mtu akibakiwa na mmoja, zawadi ya huyo mmoja haikataliki.

"Huu ni mchezo," nikasema. "Ni mchezo tu."

Jirani akanitazama. Maneno hayo ndiyo aliyoniambia mwenyekiti alipochoka kuuita kamari, na ndiyo yaliyonifanya nisimsalimie mwenyekiti kwaresma nzima. Nayo yalikuwa yametoka kinywani mwangu. Nikaharakisha kuyafunika. Nikasema mtoto hataki kwenda, mtoto ana shule, mtoto amezoea hapa, mtoto baridi ya...

"Bibi," mjukuu akasema. "Hakuna kumsemea mwenzako."

Koko akatabasamu, na mtoto akamgeukia. "Na wewe koko. Wote mnanisemea."

Nikamuuliza, maana nilitaka lieleweke, kama anayeongea ni fundi pikipiki au ni yeye.

"Ni mimi. Shule ikifunga nitaenda. Nitajifunza kukamua na nitajifunza lugha. Shule ikifungua nitarudi."

Koko akauliza, kila likizo? Akajibiwa kila likizo. Mimi sikuulizwa chochote na hakuna aliyenitazama. Nikakusanya punje zangu, nikaenda kuwapa nguruwe chakula kabla ya saa yao, wakashangaa.

Desemba baba yake akaja akamchukua. Nilifunga unga wa mahindi, vitabu vyake na sweta mbili, nikamwambia mkwe wangu tarehe ya kufungua shule mpaka akaomba msamaha kwa kitu ambacho hajafanya. Mchezo tuliuendeleza mimi, mzee na jirani, ukawa chapwa. Simba akila mbuzi wa mzee, mzee anasema sawa. Hata kudanganya aliacha. Nikarudi kwenye shamba, nikarudi kwenye kwaya, nikapika chai ya jumuiya bila kununa, na mwenyekiti akasema hatimaye nimekaa sawa. Maharage hayakuungua.

Shule ikafungua, mtoto hajaja. Simu ya mkwe wangu haipatikani, ya koko haina chaji au haina mtandao. Daftari jipya na sare niliyoipiga pasi vimekaa kitandani. Mzee akasema barabara ya huko mvua ikinyesha unaijua. Nikamwambia naijua, na watu wa huko nawajua. Nikawa nimeshapanga maneno ya kwenda kumwambia yule mama, na nauli nimeitenga.

Siku ya mnada nikiwa nyuma ya nyumba nikasikia lori limesimama njiapanda na mtu anamuuliza jirani yangu, kwa Pakiteng ni wapi. Jirani akasema huku hakuna mtu wa jina hilo. Mtu huyo akasema yupo, ameambiwa ni huku, mama mkulima, ana mdomo. Jirani, ambaye pale mezani aliyasikia yote, akasema polepole kwamba labda anamfahamu.

Nikatoka. Dereva alikuwa ndugu wa mkwe wangu, hajawahi kufika kwetu, matope mpaka kwenye vioo. Mjukuu yuko mbele amelala, amejifunga shuka, mdomo wazi. Na nyuma ya lori, amefungwa kamba, anatutazama kama sisi ndio wageni, amesimama mtamba wa rangi ya majivu mwenye mstari mweupe mgongoni.

"Unatafuta nani?" nikamuuliza dereva.

"Pakiteng."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Mwenyekiti wa jumuiya naye alikuwa anapita na ndoo yake.

"Ni mimi," nikasema.

Mtoto akaamka, akashuka, akanisalimia kwa Kimasai, kisha akakumbuka akanipa shikamoo. Akaniambia koko ameagiza nisishangae. Mtamba ni wangu tangu ile Jumapili, kilichochelewa ni lori.

Sasa mtu mwenye nguruwe, shamba, mzee, kwaya, zamu za chai na mchezo anaongezewa ng'ombe. Alfajiri nakata majani mteremkoni, narudi nayo kichwani, mtamba anayanusa anageuza uso kwa sababu amezoea ya tambarare. Nguruwe hawampendi. Jumapili mezani mara mbili nimesinzia katikati ya ukame, mpaka mzee akamalizia mwenyewe na akajipa mvua. Nikapanda pale juu penye mtandao nikampigia yule mama simu. Sikuanza na salamu. Nikamwambia Pakiteng, hii si zawadi, hii ni kazi, umeniua.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Nyuma yake ng'ombe wanalia, wake wa kweli, na mtu anampigia kelele aje. Akasema na yeye ana mambo mengi.

"Mtunze," akasema. "Usimhesabu."

Nikamkatia simu. Mmoja, nitamhesabuje?